Mlinzi wa Akiba ya Mnyonge Asiwe Mtumwa wa Mtu

MAONI YA MHARIRI

Wananchi wa Kenya walipodai mfumo wa vyama vingi, kiini cha madai yao kilikuwa chepesi kueleweka. Walisema kwamba mtu mmoja, au kundi moja, asiwe mchezaji na mwamuzi katika uwanja mmoja. Kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, na tangu hapo tumejifunza kuuliza maswali juu ya Bunge, mahakama, polisi na tume ya uchaguzi. Lakini ipo nyumba moja ambayo wengi wetu huipita bila kubisha hodi, tukidhani kwamba ni ya matajiri na mawakili wao. Nyumba hiyo ni ya masoko ya hisa na bima. Leo twabisha hodi hapo, na tungependa kila mwanachama wa vuguvugu letu na kila mshiriki wa kanisa aingie pamoja nasi.

Huenda msomaji akauliza: mimi nisiye na hisa hata moja, nitafaidi nini? Twamjibu kwa upole. Ikiwa wewe hupanda matatu, maisha yako yamo katika kitabu cha kampuni ya bima usiyoijua hata kwa jina. Ikiwa mwajiri wako hukukata mshahara kwa ajili ya uzeeni, sehemu ya fedha hizo hununua hisa na hatifungani kwa niaba yako. Ikiwa kikundi chenu cha akina mama kilichanga shilingi kidogo kidogo mwaka 2006 kikanunua hisa za KenGen, au mwaka 2008 kikanunua za Safaricom, basi tayari mmo ndani. Na ikiwa huna lolote kati ya hayo, kodi yako hutumiwa kuwalipa maofisa wa dola wenye wajibu wa kuona kwamba haki inatendeka. Hakuna Mkenya aliye nje ya nyumba hii.

AHADI ISIYOPIMIKA SOKONI

Yafaa tuanze kwa kueleza ni kwa nini biashara hizi mbili huhitaji mlinzi kuliko biashara nyingine. Mtu anunuapo mahindi, huyatia mkononi, huyaangalia kama yana fukusi, na akiona yameoza huyarudisha. Anunuapo bima, hununua karatasi yenye ahadi. Hawezi kujua kama ahadi hiyo ni nzima au imeoza mpaka siku atakapougua, nyumba itakapoungua, au mumewe atakapofariki. Siku hiyo ikiwa kampuni haina fedha, hawezi kurudi sokoni kutafuta nyingine, kwa maana hakuna akatiaye bima nyumba iliyokwisha kuwa majivu.

Hisa nazo ni vivyo hivyo. Mwenye hisa hapewi gunia wala kiwanja. Hupewa jina lake kuandikwa katika daftari linalotunzwa na watu wengine, na fedha zake hupitia mikononi mwa dalali asiyeweza kumkagua. Wahenga walituachia msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika biashara hii daftari ndiyo mali yenyewe. Ashikaye daftari ndiye ashikaye mali, na asipokuwapo wa kumkagua mshika daftari, mwenye mali hana kitu.

Ndiyo maana nchi huweka sheria. Mlinzi wa masoko haya ana kazi sita ambazo kila mwananchi aweza kuzikumbuka. Kwanza, kutoa leseni kwa wanaostahili na kuwanyima wasiostahili. Pili, kuhakikisha kwamba kampuni ina mtaji wa kutosha. Tatu, kukagua vitabu mara kwa mara. Nne, kulazimisha kampuni kutangaza ukweli wa mambo yake kwa umma. Tano, kuadhibu waovu bila kuangalia nyuso. Na sita, kuona kwamba aliyedhulumiwa analipwa. Mlinzi atimizaye tano na kuiacha ya sita hajalinda.

SHERIA ILIYOFUATA KILIO

Historia ya nchi yetu yaonyesha kwamba mara nyingi mlinzi amefika baada ya mwizi kuondoka. Si Kenya peke yake. Hata Marekani iliunda tume yake ya kusimamia masoko ya hisa mwaka 1934, miaka mitano baada ya soko la New York kuporomoka mwaka 1929. Lakini yafaa tutazame ya kwetu.

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 likiwa chama cha hiari cha madalali. Chini ya utawala wa kikoloni Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa humo. Uhuru uliwafungulia mlango, lakini haukuleta mlinzi. Kwa muda wa miaka 35 madalali waliendelea kujitungia kanuni na kujihukumu wenyewe. Mwaka 1988 serikali iliwauzia wananchi asilimia 20 ya hisa za Kenya Commercial Bank, na wakati huo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilikuwa haijazaliwa. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1989, ikaanza kazi mwaka 1990. Duka lilifunguliwa kwanza, mlinzi akaja baadaye.

Hata baada ya mlinzi kuja, soko lenyewe liliendelea kuwa mali ya madalali walewale waliopaswa kuchungwa nalo. Wahenga walionya kwamba kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Matunda ya mpango huo yalionekana wakati wananchi wa kawaida walipoingia sokoni kwa maelfu. Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90, na watu walipanga foleni ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana nje ya ofisi za madalali. Mwaka 2007 kampuni ya udalali ya Francis Thuo and Partners ilianguka. Mnamo Machi 2008 Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya msimamizi. Mwezi huohuo uuzaji wa hisa bilioni 10 za Safaricom ulifunguliwa, kwa shilingi 5 kila moja, na mamia ya maelfu ya Wakenya wakapeleka akiba zao. Kabla ya mwaka huo kwisha Discount Securities nayo ikawa imewekwa chini ya msimamizi.

Malalamiko yaliyosikika miaka ile yalikuwa ya kusikitisha. Walikuwapo watu waliokwenda kuuliza hisa zao wakaambiwa zimekwisha uzwa, ilhali hawakumtuma mtu kuziuza. Na walikuwapo waliouza kwa hiari yao wakangoja fedha zisifike. Hazina ya Fidia kwa Wawekezaji ilikuwapo, lakini kiwango chake cha juu kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 50,000 kwa mwekezaji mmoja. Aliyepoteza akiba ya kustaafu ya shilingi 500,000 hupewa sehemu moja kwa kumi, kisha huambiwa amefidiwa.

Ni kweli kwamba mafunzo yalipatikana. Mwaka 2014 Soko la Hisa lilibadilishwa, likauza hisa zake lenyewe kwa umma, na madalali hawakuwa tena wenye nyumba peke yao. Tunayatambua maendeleo hayo na kuyapongeza. Lakini hatuwezi kusahau kwamba yalikuja miaka saba baada ya kilio cha kwanza, na kwamba walioyalipia ni wale wasio na sauti.

BIMA: DOLA ILIPOJICHUNGA YENYEWE

Kwa upande wa bima hadithi ni hiyohiyo, ila hapa dola ilikuwa ndani ya jambo zaidi. Sheria ya Bima ilipitishwa mwaka 1984 na kuanza kutumika mwaka 1987. Sheria hiyo ilimweka Kamishna wa Bima, naye akawa ofisa ndani ya Wizara ya Fedha. Wakati huohuo serikali ilikuwa na kampuni yake ya bima, Kenya National Assurance, iliyoanzishwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na kuaminiwa na watumishi wengi wa umma. Basi tafakarini, ndugu zangu. Mwenye kampuni alikuwa serikali, na wa kuikagua kampuni alikuwa mtumishi wa serikali. Ofisa gani angethubutu kuandika kwamba kampuni ya mkubwa wake haina uwezo wa kulipa madai? Mwaka 1996 kampuni hiyo ilifungwa, na wenye bima za maisha wakaachwa wakingoja kwa miaka.

Baada ya hapo kampuni za watu binafsi zilifuata njia hiyohiyo, na nyingi kati yake zilikuwa zikikatia bima magari ya abiria. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Invesco mwaka 2008, Standard Assurance mwaka 2009, na Blue Shield mwaka 2011. Katikati ya mfululizo huo sheria ilirekebishwa, na kazi ya Kamishna ikakabidhiwa Mamlaka ya Kusimamia Bima iliyoanza kazi mwaka 2007. Mtaji unaotakiwa kwa kampuni uliongezwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo mwaka 2022 Resolution Insurance, iliyojulikana sana kwa bima ya matibabu, nayo iliwekwa chini ya msimamizi. Mamlaka mpya ni jambo jema, lakini jina jipya mlangoni halitoshi.

SHERIA INAYOLAZIMISHA NA KISHA KUGEUZA USO

Hapa ndipo tunapofika penye uchungu mkubwa kuliko wote, na tunamsihi msomaji asome polepole.

Bima nyingi ni za hiari. Lakini Sheria ya Bima ya Magari kwa Madhara ya Watu Wengine, ambayo ni sura ya 405 ya sheria zetu na tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, humlazimisha kila mwenye gari kukata bima kabla ya kuingia barabarani. Asiyefanya hivyo hushtakiwa. Madhumuni yake ni mema: abiria au mpita njia akigongwa, asitegemee umaskini wa dereva, bali awe na kampuni ya kumlipa. Sheria hiyohiyo huiamuru kampuni kutimiza hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, nayo imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja.

Sasa tuchukue mfano. Mfanyakazi wa jua kali anavunjika miguu yote miwili katika ajali ya matatu. Anakwenda mahakamani, anangoja miaka minne, anapata hukumu ya shilingi 1,500,000. Kabla hajalipwa, kampuni inawekwa chini ya msimamizi. Kwa mujibu wa Sheria ya Bima msimamizi huyo aweza kutangaza kwamba malipo yote yamesimamishwa. Fundi yetu anabaki na karatasi ya hukumu mkononi, na magongo kwapani. Akienda kwenye Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, anakuta kiwango cha juu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 250,000.

Mtu huyu hakuichagua kampuni hiyo. Hakutia sahihi popote. Hakupata nafasi ya kukagua vitabu vyake. Aliyeichagua ni mwenye matatu, pengine kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Aliyeipa leseni ni dola. Aliyelazimisha inunuliwe ni dola. Aliyepaswa kuona kwamba bei ya chini kupita kiasi ni dalili ya ugonjwa ni dola. Na kampuni ilipokufa, aliyesimamisha malipo alifanya hivyo kwa nguvu za sheria ya dola. Je, ni haki kwamba mzigo wote uangukie miguu iliyovunjika?

Twasema bila kusita: dola ikimlazimisha mwananchi kutegemea ahadi, yenyewe imekuwa mdhamini wa ahadi hiyo. Haiwezi kunawa mikono. Huo ndio msimamo wa jarida hili, na ndiyo hoja kuu tunayowaomba mwichukue katika mikutano yenu.

WALINZI WASIOSEMEZANA

Kuna kasoro nyingine ambayo miaka ya karibuni imeifunua. Nchi yetu ina walinzi wengi wa fedha. Benki Kuu huchunga mabenki. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huchunga hisa na hatifungani. Ipo Mamlaka ya Bima, ipo ya mafao ya uzeeni, na ipo ya vyama vya akiba na mikopo. Kila mmoja ana lango lake. Mwizi mwerevu hapiti langoni, hupita kwenye uzio kati ya malango mawili.

Mwaka 2015 benki ya Imperial iliuza hatifungani za shilingi bilioni 2 kwa idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Oktoba 13 mwaka huo, hatifungani hizo zikiwa tayari kuorodheshwa sokoni, Benki Kuu iliifunga benki hiyo. Mwaka huohuo benki ya Chase ilipata shilingi bilioni 4.8 kwa njia ya hatifungani, na Aprili 2016 ikawekwa chini ya mrasimu. Mwekezaji aliyeona muhuri wa mlinzi mmoja aliamini kwamba nyumba nzima imekaguliwa. Kumbe mlinzi wa lango la mbele hakujua lililokuwa likitendeka katika ua wa nyuma.

Serikali ilipendekeza dawa. Mwaka 2016 uliandikwa mswada wa kuunganisha walinzi kadhaa, wakiwamo wa masoko ya mitaji, bima, mafao ya uzeeni na vyama vya akiba, wawe mamlaka moja ya huduma za fedha. Mswada huo haukuwa sheria. Sisi hatupingi muungano kwa kuwa ni muungano. Tunachouliza ni hiki: mlinzi huyo mkubwa ataajiriwa na nani, na atafutwa na nani? Walinzi watano dhaifu wakikusanywa chini ya bwana mmoja, hawatakuwa mlinzi mmoja hodari. Watakuwa tu rahisi zaidi kuamrishwa kwa simu moja.

Tutazame sheria ya masoko ya mitaji ilivyoandikwa. Mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais kwa mapendekezo ya waziri. Wanachama wengine sita huteuliwa na waziri. Wanaobaki ni Katibu wa Hazina Kuu, Gavana wa Benki Kuu, Mwanasheria Mkuu, au wawakilishi wao, pamoja na mkurugenzi mkuu wa mamlaka yenyewe. Wapo watu wema na wenye ujuzi katika viti hivyo, nasi hatumshtaki yeyote. Lakini katika orodha hiyo yote, msomaji, taja kiti kimoja ambacho sheria imekitenga kwa ajili ya mwekezaji mdogo. Hakipo. Na ikumbukwe kwamba Hazina Kuu, ambayo mkono wake umo katika uteuzi huu, ndiyo pia inayouza hisa za mashirika ya umma na kukopa kwa hatifungani katika soko hilohilo. Mchezaji na mwamuzi wangali nyumba moja.

HASARA SI WIZI

Haki hutudai tuseme pia upande wa pili. Wako wanaosema kwamba kanuni nyingi huua biashara, na kwamba mlinzi hawezi kuzuia kila hasara. Wanalo neno. Anunuaye hisa hukubali kwamba bei yaweza kushuka. Hisa ya Safaricom iliyouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008 ilishuka chini ya bei hiyo muda mfupi baadaye, na wengi wakauza kwa uchungu. Waliovumilia waliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Kushuka kule hakukuwa dhuluma, na kupanda kule hakukuwa muujiza. Hayo ni maisha ya soko, na mwananchi aliyekomaa hawezi kudai serikali imrudishie fedha kwa kila bei iliyoanguka.

Lakini hisa zako kuuzwa bila idhini yako si bei kuanguka. Kampuni kuendelea kupokea malipo ya bima ilhali inajua haiwezi kulipa madai si bahati mbaya. Vitabu kuonyesha mali isiyokuwapo si hali ya uchumi. Huo ni wizi, na wizi hauwi kitu kingine kwa kuvaa tai. Mlinzi mwema hamkingi mwananchi na hasara. Humkinga na uongo. Na biashara safi haiuawi na mlinzi wa namna hiyo. Kinachoiua ni ushindani wa wale wasiotii sheria, wanaouza bima kwa bei isiyowezekana na kuwaacha waaminifu bila wateja. Katika nchi yetu malipo yote ya bima kwa mwaka hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa. Wenye kampuni hulalamika kwamba Wakenya hawapendi bima. Sisi twadhani kwamba Wakenya wana kumbukumbu.

TUNACHODAI

Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha ambayo wazee wetu wa miaka ya 1990 hawakuwa nayo. Ibara ya 46 humpa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa. Ibara ya 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa misingi hiyo twadai mambo matano.

Mosi, wakuu wa mamlaka hizi wateuliwe kwa mashindano ya wazi, wapewe muda maalumu, na wasiweze kufutwa ila kwa sababu zilizoandikwa katika sheria. Katika kila bodi kiwepo kiti cha wenye bima au wawekezaji wadogo, na anayekikalia asitoke katika kampuni zinazochungwa.

Pili, matokeo ya ukaguzi wa uwezo wa kila kampuni ya bima kulipa madai yatangazwe kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe katika vituo vya magari na ofisi za machifu. Mwenye matatu na abiria wake wana haki ya kujua kabla ya ajali.

Tatu, viwango vya fidia vya shilingi 50,000 na 250,000 vipandishwe, na sheria iseme vitakuwa vikiangaliwa upya kila baada ya miaka michache kadiri maisha yanavyopanda. Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima haijazwi na hisani ya mtu. Wenye bima wenyewe hukatwa robo ya asilimia moja ya malipo yao, na kampuni hutoa robo nyingine.

Nne, majeruhi wa barabarani mwenye hukumu ya mahakama awe wa kwanza katika foleni kampuni inapofungwa, mbele ya wenye kampuni na wakopeshaji wakubwa. Na muda wa kumlipa uwe na kikomo.

Tano, walinzi wote wa fedha wafungwe na sheria kupeana habari. Idhini ya kuuza hatifungani za benki isitolewe kabla ya Benki Kuu kutamka kwa maandishi kwamba benki hiyo ni nzima.

WAJIBU WETU SISI WENYEWE

Hatuwezi kumaliza bila kujitazama. Miaka ya 2006 na 2007 mipango ya upatu wa uongo ilizagaa nchini, ikiahidi kuzidisha fedha za watu kwa muda mfupi, na wananchi wakapoteza mabilioni ya shilingi. Mingine ilipigiwa debe hata ndani ya makanisa, na waumini wakatoa kwa sababu waliomwamini mhubiri walidhani wanaweza kumwamini na mweka hazina. Mimbari haina leseni ya kuuza hisa. Mchungaji anayetangaza mpango wa fedha baada ya ibada, bila kuuliza kama una kibali cha mamlaka husika, anawakabidhi kondoo kwa fisi, hata kama hajui.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wetu wafanye machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Kabla ya kumpa dalali au wakala fedha, uliza jina lake limo katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na mamlaka. Usitoe fedha taslimu bila stakabadhi ya kampuni. Mwenye hisa aombe taarifa ya akaunti yake moja kwa moja kutoka kwa hifadhi kuu ya hisa, iliyoanza kazi mwaka 2004, asitegemee maneno ya dalali peke yake. Kamati za haki na amani katika parokia na makanisa ziorodheshe waumini wenye hukumu za ajali zisizolipwa na wenye bima za maisha zilizopotea, ziwapelekee wabunge orodha hizo, na kutaka jibu la maandishi. Malalamiko ya mmoja hutupwa kapuni. Ya mia tatu yaliyopangwa kwa utaratibu hayatupiki kwa urahisi.

Ndugu wasomaji, kura ni amana ya miaka mitano. Akiba ya mama aliyeuza mboga kwa miaka ishirini ni amana ya maisha mazima. Vuguvugu lililokataa kura ziibwe haliwezi kunyamaza akiba inapoibwa, kwa kuwa mkono unaofanya hayo yote mawili hutegemea jambo moja, nalo ni mlinzi anayemwogopa bwana wake kuliko anavyowaogopa wananchi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tumeujenga upya mara nyingi mno kwa fedha za maskini. Safari hii na tuuzibe ufa.